Maoni Niliyoyabeba

Kwa miezi saba watu walinisifu kwa akili ambayo haikuwa yangu, na mimi, kwa kuchoka tu, nikaziachia sifa zije.

Kazi yangu ni kusimamia chumba cha kufulia cha hospitali. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa nane mchana. Mashuka ya wodi zote hupita mikononi mwetu: ya wazazi, ya watoto, ya majeruhi, ya chumba cha upasuaji. Tuna mashine tatu kubwa, na siku ambayo mbili ziko nzima kwa pamoja tunasalimiana kwa furaha. Ukitoka humo masikio yanaendelea kuvuma mpaka ufike nyumbani, na vidole vinanuka klorini hata ukivisugua kwa ndimu.

Nyumbani yupo Mama. Ni mama wa mume wangu, lakini namwita Mama tu. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu; wiki tatu yuko barabarani, siku tano yuko kwetu, na katika hizo siku tano, mbili analala. Mama aliletwa kwetu miaka minne iliyopita, presha ya macho ilipommaliza mwanga wote. Namwogesha, namvika, namtia matone ya macho asubuhi, mchana na jioni ingawa hayarudishi kitu, yanazuia maumivu tu. Namuongoza chooni. Namtafutia redio inapohama stesheni. Ananiita mara ngapi kwa siku sijui. Zamani nilihesabu, nikaacha, maana hesabu yenyewe ilikuwa inanichosha.

Kabla ya macho kuharibika Mama alikuwa opereta wa simu. Miaka ishirini na saba. Enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ilibidi upitie kwa mtu mwingine kwanza, na huyo mtu alikuwa yeye. Hata leo, ukiongea naye, anainamisha kichwa upande wa kushoto kidogo, kana kwamba bado amevaa vile visikilizio.

Aliyenivuta kwenye chama cha vitabu ni Mfamasia, yule ninayenunua kwake matone ya Mama. Walikuwa wakikutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha duka lake la dawa, katikati ya maboksi ya glavu na pamba. Mwenyekiti ni mkaguzi wa shule mstaafu, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kukutazamia. Yupo pia Fundi Saa, mwenye kibanda chake mkabala na duka, na wengine wawili watatu wanaokuja na kupotea. Mimi sikuenda kwa kupenda vitabu. Niliambiwa ni saa mbili za kukaa kwenye kiti. Hilo lilinitosha.

Tatizo likawa kusoma. Nikifungua kitabu, ukurasa wa tatu nimelala, kidevu kifuani. Mama akasikia kitabu kikianguka chini mara tatu katika siku moja, akauliza, "Ni nini hicho kinachodondokadondoka?"

"Kitabu, Mama. Cha chama."

"Kisome kwa sauti. Ukisoma kwa sauti hutalala. Na mimi nitapata cha kusikiliza zaidi ya matangazo ya redio."

Basi ikawa hivyo. Nikishatoka kazini, nikishampa chakula, tunakaa sebuleni, yeye kwenye kiti chake cha mikono, mimi kwenye mkeka nimeegemea ukuta, nasoma. Nasema nasoma, lakini ukweli ni kwamba maneno yalikuwa yanapita kwangu kama maji yanavyopita kwenye bomba. Bomba halijui ladha ya maji. Mama ndiye aliyekuwa anakinywa kitabu.

Kile cha kwanza kilikuwa kinene, kinahusu madaktari wawili wanaopendana huku kila mmoja yuko mji wake. Wanapigiana simu kila sura. Tulipofika kama nusu hivi, Mama akainua mkono.

"Ngoja. Rudia hapo wanapoagana."

Nikarudia. *Kwaheri mpenzi wangu, alisema, akakata simu.*

"Uongo," Mama akasema. "Hawa hawapendani. Watu wanaopendana hawaagani mara moja. Mimi nilikuwa na laini zao mikononi. Mmoja anasema haya basi. Kimya. Mwingine anasema haya. Kimya. Halafu, umekula? Nimekula. Haya basi. Mpaka nawakatia mimi, maana foleni ni ndefu. Huyu mwandishi hajawahi kupenda mtu aliye mbali, au alikuwa na haraka ya kwenda kulala."

Jumamosi ilipofika, Mwenyekiti akazunguka kuuliza maoni. Mfamasia alisema kitabu kimemgusa. Fundi Saa alisema kimezidi uzito. Zamu yangu ikafika. Kichwani kulikuwa na mvumo wa mashine, basi. Nikafungua mdomo, yakatoka ya Mama: kuagana, ukimya, umekula, foleni. Niliyasema kama nilivyoyasikia, ila niliacha kutaja kwamba niliyasikia.

Fundi Saa alicheka mpaka akavua miwani. Mwenyekiti alivaa yake ya kunitazamia. "Hii ndiyo nataka," akasema. "Mtu aliyesoma kwa sikio." Toka siku hiyo wakanibandika jina la Jaji.

Kitabu cha pili kilikuwa cha bwana mmoja anayekumbuka utoto wake katika nyumba ya chumba kimoja. Mwenyekiti alikipenda sana, alikuwa amepigia mistari kila ukurasa. Mama alikisikiliza kwa upole mpaka pale bwana yule anaposema mama yake alikuwa mwanamke asiyechoka.

"Alimuuliza?" Mama akasema.

"Nani?"

"Huyo mtoto. Alimuuliza mama yake kama hakuchoka? Au alimwona amesimama akadhani ni mzima?"

Nalo nikalipeleka. Mwenyekiti akafunga kitabu chake chenye mistari. Mfamasia alisema atampigia simu mama yake akitoka pale.

Mama aliligundua jambo hili kwa Mfamasia mwenyewe. Mfamasia alipita kuleta matone siku nilipochelewa kutoka kazini, akamwambia, "Mama, mkweo ana maneno huyo! Hata jinsi wapenzi wanavyoagana kwenye simu anajua." Niliporudi nilimkuta Mama amekaa wima kwenye kiti. Nikamwogesha, kimya. Nikamtia matone, kimya. Kesho yake, nikiwa nafungua kitabu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na walisemaje?"

"Nani, Mama?"

"Hao wa chama. Kuhusu ile ya simu. Walicheka?"

Nikahisi uso unanichoma. "Walicheka sana. Mmoja alitoa machozi."

"Basi waambie na la sura ile ya harusi. Nililisahau." Akanipa maneno mengine matatu ya kupeleka.

Kuanzia hapo akawa ananisubiri. Jumamosi ya chama nikirudi, kabla sijavua viatu, nasikia kutoka sebuleni: walisemaje? Mwenyekiti alikubali? Yule wa saa alicheka? Nilimpa kila kitu, hata vikohozi. Mama alikuwa hatoki nje ya lango letu zaidi ya kwenda kliniki, na sasa kulikuwa na chumba mjini ambamo maneno yake yanaingia na kusikilizwa. Ningemnyima vipi? Na kwa upande wangu, nilipata kuitwa Jaji bila kufikiri. Kila mmoja alikuwa na faida yake. Ila mimi, nikikaa pale kati ya maboksi nikisikia wanacheka, wakati mwingine nilihisi kama shuka la hospitali: linatandikwa, linatolewa, na hakuna anayeuliza ni la nani.

Kisha kikaja kitabu cha nane.

Mfamasia ndiye alikichagua. Kilikuwa chembamba, kurasa mia na kitu. Mwanamke anamuuguza mama mkwe wake kwa miaka sita, mgonjwa wa kitandani, na mume yuko kazini mbali. Katika sura ya tisa, siku moja mchana, yule mama amelala, mwanamke anachukua mkoba wake, anamwambia jirani natoka kidogo, anapanda basi mpaka mwisho wa njia, anachukua chumba nyumba ya wageni. Analala siku mbili. Hakuna mwanamume mwingine, hakuna ugomvi. Anaamka, anatazama dari, anageukia ukuta, analala tena. Siku ya tatu anarudi. Mwandishi hakumwadhibu. Hakumsifu pia.

Nilikuwa nasoma sura hiyo kama kawaida yangu ya bomba, na ghafla nikagundua kwamba nasikia. Kila neno. Sauti yangu ikawa inapungua, nikaikaza.

"Funga hicho kitabu," Mama akasema.

Nikafunga. Nje mtu alikuwa anaburuta pipa la taka. Mpaka likafika mwisho wa barabara.

"Endelea," akasema.

Tulipomaliza siku iliyofuata, hukumu yake ilikuwa tayari. "Mwambie Mwenyekiti wako kwamba huyo mwanamke hana utu, na mwandishi ni mwoga. Ameogopa kumwambia hivyo usoni. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Sikumwambia kwamba kesho yake nilikwenda nacho kazini. Saa ya mapumziko nilipanda juu ya marobota ya mashuka safi, yale yaliyofungwa tayari kwenda wodini, yenye joto bado, nikasoma sura ya tisa peke yangu, kwa macho tu, bila sauti. Sikusinzia.

Wiki ya chama, duka la Mfamasia likaanza kupakwa rangi. Mwenyekiti akapiga simu. "Jaji, tutakuja kwako. Tumsalimie na mama."

Ningekataa ningesema nini? Nilipomwambia Mama, akauliza gauni lake la bluu liko wapi. Jumamosi hiyo aliamka mapema kuliko mimi. Alitaka nywele zipakwe mafuta na kusukwa upya. Alitaka saa yake ya mkononi, ambayo haoni mishale yake. Wageni walipofika akawapa mkono mmoja mmoja na kuwashika kwa muda, akisikiliza sauti zao, na Fundi Saa alipotamka shikamoo tu, akasema, "Wewe ndiye unayecheka."

"Ndiye mimi, mama. Na saa yako imesimama."

"Iache. Ni ya kuvaa."

Niwe mkweli kuhusu hali niliyokuwa nayo siku hiyo. Jumanne mashine moja ilikuwa imekufa, nyingine ilikuwa inamwaga maji, na wiki nzima tulikuwa tunaloweka mashuka ya wazazi kwenye madishi na kuyakanyaga kwa miguu kama watu wanaochezea tope. Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimefagia, nimechemsha chai, nimeazima viti viwili kwa jirani. Nilipokaa nilihisi mgongo unazungumza lugha yake.

Mfamasia alianza. Alisema kitabu kimemliza. Fundi Saa alisema yeye hamlaumu mwanamke, anamlaumu mume; mtu mzima anaondokaje miaka sita bila kuuliza nyumbani kukoje? Nilimwona Mama akitikisika kidogo, maana huyo mume wa kitabuni alikuwa mtoto wa mtu.

"Haya Jaji," Mwenyekiti akasema. "Hukumu."

Mama aliinamisha kichwa upande wa kushoto. Alikuwa anasubiri maneno yake yatoke. Nami nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri mdomoni: hana utu, mwandishi ni mwoga. Ilikuwa niyatamke tu, nirudi kujiegemeza.

"Sura ya tisa niliisoma mara mbili," nikasema. "Mara ya pili nilikuwa peke yangu, kazini. Nilimwonea wivu yule mwanamke."

Mwenyekiti akakiweka kikombe chini.

"Si kwa kuondoka. Ni kwa kulala. Anapogeukia ukuta, analala tena. Mimi sikumbuki lini nimeamka nikageukia ukuta. Nadhani mwandishi alijua anachosema. Ni hayo tu."

Fundi Saa alitazama kikombe chake. Mfamasia alinyoosha mkono kama anataka kunishika, akaurudisha. Mimi nilikuwa namtazama Mama.

"Ulikisoma mara ya pili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Aligeuza uso upande alikosikia mara ya mwisho sauti ya Mwenyekiti. "Mimi pia nilikisikiliza hicho kitabu," akasema. "Ninaweza kutoa maoni?"

"Tafadhali sana, mama."

"Yule mwanamke anatoka mchana, mgonjwa amelala. Sawa. Sasa yule mgonjwa si aliamka? Lazima aliamka. Na alipoamka aliita. Nimemsikiliza huyu binti akisoma mpaka mwisho, nasubiri sauti ya yule mama. Aliita mara ngapi? Nani alimjibu? Alidhani kumetokea nini? Mwandishi hakuandika hata mstari mmoja. Kurasa nne za dari ya nyumba ya wageni, na mtu mzima ameachwa kwenye giza hana hata neno. Hayo ndiyo maoni yangu. Mimi niliyeamka."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilikuwa nimemsomea kitabu kizima na kile alichokisema sikuwa nimekiona. Nilijua pia kwamba hakukiona nilichokisema mimi, na kwamba wote wawili tulikuwa tumesoma sawasawa.

Mwenyekiti hakujaribu kusuluhisha, namshukuru kwa hilo. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote ya vikao hajasikia kitabu kikisomwa vizuri namna hiyo, mara mbili, ndani ya chumba kimoja. Wakamaliza chai. Wakaondoka mapema.

Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya. Hatukugombana. Mama aliacha kuniita. Alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni peke yake, na mimi nikisimama koridoni tayari kumdaka. Alijaribu kujitilia matone, yakamwagikia shavuni. Nikifungua kitabu kipya anasema ana usingizi. Mume wangu alipopiga simu kutoka njiani akauliza, "Mbona sauti yako iko hivyo? Mmekosana na Mama?" Nikasema hatujakosana. Akauliza kama amekula. Nikasema amekula. "Na wewe?" Nikamwambia asubiri, chungu kinaungua. Hakukuwa na chungu chochote jikoni.

Jumatano mchana nilimkuta Mama amekaa na simu yangu ya mezani mapajani.

"Nipigie binti yangu," akasema. "Namba ninayo." Akanitajia tarakimu zote kumi bila kusita.

Wifi yangu ni mwalimu wa chekechea, anakaa upande wa pili wa mji. Huja Jumapili na mfuko wa matunda, anakaa dakika arobaini, anasema nyumba inapendeza, anaondoka. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajaombwa.

"Nakuja kukaa kwako," Mama akamwambia. Ilikuwa ile sauti ya zamani ya kazini, laini na isiyo na mlango wa kutokea. "Wiki mbili. Jumamosi hii. Hapana, sikuulizi, nakujulisha. Hapana, hajafanya kitu chochote. Ndiyo, chumba cha watoto kinafaa, nitalala nao. Haya basi." Akanyamaza. "Haya." Akanirudishia simu.

"Mama, mimi sikusema uondoke."

"Najua ulichosema, nilikuwa na masikio. Wala sijabadili maoni yangu, yule mwanamke bado simpendi." Akanyoosha gauni juu ya magoti. "Lakini wewe umesema mbele yangu, na nimeamka nimejua niko wapi na naenda wapi. Hiyo ni tofauti. Nataka ulale."

Jumamosi wifi alikuja na gari la jirani yake. Nilimpa mfuko wa nguo, redio, na matone, nikamweleza mara tatu: asubuhi, mchana, jioni, vuta kope la chini, sekunde thelathini afumbe. Alikuwa ananiitikia kwa kasi ya mtu asiyesikia. Mama alikuwa ameshakaa kwenye gari, uso mbele.

Nilifunga mlango. Nilidhani nitalia, au nitacheka. Nililala kama nilivyokuwa, na kanga ya kupikia kiunoni. Nilipozinduka mara ya kwanza nilidhani nimeitwa, nikakaa kitandani, miguu tayari imegusa sakafu. Nyumba ilikuwa kimya. Ilinichukua muda kukumbuka. Nikageukia ukuta.

Siku ya tano wifi akapiga simu. "Hivi shemeji," akasema kwa kuchanganyikiwa, maana siku zote huniita wifi, "unawezaje? Kweli, niambie. Unawezaje na kazi?"

"Siwezi," nikasema.

Nyuma yake nilisikia Mama akiita, na sauti ya mtoto ikijibu, nakuja bibi.

Alimrudisha siku ya kumi na mbili. Nilisikia honi nikiwa naanika nguo, nikasimama na kibanio mkononi. Sikufurahi na sikuhuzunika. Nilitamani tu zile siku mbili zilizobaki. Mama alishuka kwa kushika mlango wa gari, akasimama akitafuta pumzi yangu iko upande gani.

"Umelala?"

"Nimelala, Mama."

"Umetosheka?"

Wifi alikuwa ananiangalia, mfuko wa nguo umeshashushwa chini, macho yake mekundu. Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema hivyo miezi miwili kabla.

"Bado," nikasema.

"Basi mwezi ujao ni wiki mbili na siku mbili," Mama akamwambia binti yake. "Andika usije ukasahau."

Wifi aliandika, kwenye simu yake, pale pale langoni, bila kubisha. Mpaka sasa ndivyo tunavyokwenda: wiki mbili kwake, wiki mbili kwangu, na miezi mingine inakuwa tatu kwangu kwa sababu mtoto anaumwa au shule ina mitihani, na nanung'unika, na nafanya. Mashine ya pili ya hospitali imetengenezwa, ya tatu imekufa kabisa. Bado nachoka. Siku ile ya kwanza aliporudi, nilipokwisha kuuchukua mfuko pale langoni, nilimshika Mama mkono, tukapanda ngazi zile mbili za kuingilia polepole, na alikuwa mzito, na mimi mgongo uliniuma.